Daftari la Muuza Mukene Linasomwa na Nani?

Siku hizi Uganda hakuna semina ya wafanyabiashara wadogo inayomalizika bila mtu kusimama na kuwaambia waliokaa kwamba wakati umefika wa kuingia kwenye dijitali. Waziri anasema, meneja wa benki anasema, na shirika lililoleta maji ya chupa na nauli ya kurudia nyumbani linasema. Wanaoambiwa wana simu mbili mbili mfukoni. MTN walianzisha huduma ya pesa kwa simu hapa nchini Machi 2009, na tangu hapo muuza nyanya wa Kalerwe, fundi wa Katwe na mwenye duka la vipuri Arua wameshazoea kulipwa bila kushika noti. Teknolojia iliwafikia zamani. Linalopaswa kuulizwa ni kwa nini, baada ya miaka yote hiyo ya kupokea, kutuma, kukopa na kutangaza kwa simu, maduka mengi bado yana mtaji uleule na hofu ileile ya mwisho wa mwezi.

Ninavyoona mimi, tatizo liko kwenye kumbukumbu. Kila pesa inayopita kwenye simu huacha alama: nani kalipa, lini, kiasi gani, kakatwa ngapi. Alama hizo zikikusanywa zinakuwa hesabu ya biashara nzima, na hesabu ni mali. Ila mwenye biashara hana mali hiyo. Iko kwa kampuni ya simu, kwa mkopeshaji, kwa mamlaka ya kodi na kwa mwenye mtandao wa kijamii. Hao wote wanaisoma na kuamua kwa kuitazama. Aliyeuza bidhaa ndiye pekee asiyeisoma.

Twende Busia. Mpaka umekata mji vipande viwili, na upande wetu wa Uganda mama anayeuza mukene, wale dagaa wa Ziwa Viktoria, ameweka simu mbili juu ya gunia. Moja ina laini ya MTN, ya pili ina ya Safaricom, maana wateja wengi wanavuka kutoka Kenya na M-Pesa yao. Katikati ya simu hizo pana daftari lililokwisha jalada. Ukimwomba alifungue utasoma: "Mama wa chapati 12,000. Askari mrefu 5,000. Dada wa saluni 8,000, ametoa 3,000." Ni daftari la madeni tu. Mauzo ya taslimu hayamo, na yaliyolipwa kwa simu hayamo pia, kwa sababu, anasema, hayo simu inayajua.

Simu inayajua kweli. Muulize sasa jana iliingiza kiasi gani. Ataanza kupekua ujumbe mmoja baada ya mwingine, akipita kwenye salamu za ndugu, matangazo ya bando na bahati nasibu asiyocheza, na kabla hajafika saa sita mchana ya jana mteja atakuwa amekuja anataka gorogoro mbili, yale makopo ya kupimia. Simu ataiweka chini. Shilingi za Kenya ziko upande mmoja, za Uganda upande mwingine, na kiwango cha kubadilisha kinapanda na kushuka kila asubuhi kwa vijana wa mpakani wenye mabunda mkononi. Mwisho wa wiki anajua kwamba amechoka na gunia limekwisha. Kama gunia hilo lilimpa faida, hilo anakisia.

Si kwamba hajui hesabu. Huyu ni mtu anayeweza kukuambia kichwani bei ya gunia kwenye mwalo wa Majanji ziwani, nauli ya kulileta, ushuru wa soko na kiasi kitakachopotea kwa vumbi na vipande vilivyovunjika. Hesabu za kununua anazijua kwa sababu anazifanya mwenyewe. Za kuuza zimehamia mahali ambapo hawezi kuziona kwa pamoja.

Hapo hapo kuna makato, na makato ndiyo yanayomfanya mfanyabiashara mdogo aikwepe simu hata anapoipenda. Kila muuzaji mpakani anaijua sentensi "tuma na ya kutolea". Mteja wa mboga za shilingi 2,000 akiisikia anakunja uso, muuzaji akiisahau anaumia yeye. Julai 2018 Serikali iliongeza kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya pesa za simu. Kelele zikapigwa, biashara ya mawakala ikayumba, na kabla mwaka haujaisha ikapunguzwa hadi asilimia 0.5, ikabaki kwenye kutoa pesa peke yake. Nusu asilimia inasikika kama kitu kidogo, na watetezi wake walisema hivyo hivyo. Tuipigie hesabu. Tuseme mama huyu amelipwa 100,000 kwa simu na faida yake ndani ya hizo ni 10,000. Akizitoa zote, kodi ni shilingi 500. Kwa kipimo cha mauzo ni nusu ya asilimia, kwa kipimo cha faida ni asilimia 5, na bado hatujafika kwenye ada ya kampuni yenyewe, ambayo ni kubwa kuliko kodi. Mwenye duka la dawa au la simu, ambaye faida yake ni nene, hapati maumivu hayo. Anayeuza sukari, unga, mafuta ya kupimwa na mukene ndiye anayeumia, yaani yule tunayemwita mdogo tunapoandika hotuba.

Namba za malipo ya dukani, zile zinazobandikwa ukutani kwa karatasi ya njano ya MoMo Pay au nyekundu ya Airtel, zimepunguza uzito huo kwa mteja. Muuzaji naye anaanza kuacha pesa ndani ya simu na kumlipa msambazaji moja kwa moja. Huo ni mwenendo mzuri. Lakini mukene unanunuliwa ziwani, na mvuvi anataka noti.

Nani basi anayeisoma ile kumbukumbu? Mkopeshaji anaisoma vizuri sana. Tangu 2016 mteja wa MTN anaweza kukopa kupitia MoKash bila dhamana wala kujaza fomu, na Airtel nao wana mkopo wao. Kiwango unachokubaliwa kinatokana na jinsi unavyotumia laini yako: unapokea mara ngapi, unatuma mara ngapi, ulilipa lile deni la mwanzo lini. Maana yake ni kwamba mahali fulani kuna mashine iliyokwisha kupiga hesabu ya biashara ya yule mama, ikajua wiki zake nzuri na mbaya, ikampa alama. Yeye anaonyeshwa kitu kimoja tu, kiasi anachoruhusiwa kukopa. Leo 150,000, mwezi ujao 60,000, na haelezwi kimeshuka kwa nini.

Mikopo hii siipingi. Imewaokoa watu mikononi mwa wakopeshaji wa mtaani wanaoshika kitambulisho chako cha taifa na kadi ya benki mpaka ulipe. Tatizo lake ni muda. Mkopo wa siku 30 unamfaa anayenunua Jumatatu na kumaliza kuuza Ijumaa. Fundi cherehani aliyenunua mashine, mwenye banda la kuku, au kijana wa kuchomelea aliyepata tenda ya mageti ya shule itakayolipwa mwisho wa muhula, hao unawapeleka kwenye mkopo wa pili wa kulipia wa kwanza. Ndiyo maana ukichunguza, pesa ya simu imenenepesha uchuuzi kuliko utengenezaji. Tumepata vioski vingi vya kuuza vitu vya wenzetu.

Linganisha na kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, kile kinachokutana Jumapili chini ya mti na sanduku la kufuli tatu. Teknolojia yake ni kalamu. Lakini daftari lake linasomwa kwa sauti: fulani ameweka kadhaa, fulani anadaiwa kadhaa, riba ya mwaka ni hii. Kila mmoja anaondoka akiijua hesabu yake na ya mwenzake. Nimewahi kuona vikundi vikihama kutoka sanduku kwenda programu ya simu kwa ushauri wa wafadhili, na kilichopotea kwanza ni ule usomaji. Katibu pekee ndiye mwenye simu inayofungua programu. Wengine wanapokea ujumbe kwamba salio la kikundi ni kiasi fulani, basi. Usalama wa pesa umeongezeka, hilo sibishi, hakuna tena wezi wa sanduku. Uelewa umepungua, na baada ya miezi michache wanachama wanaanza kumshuku katibu ambaye hajaiba chochote.

Serikali nayo imeingia njia hiyo. Mpango wa Maendeleo ya Parokia, uliozinduliwa Februari 2022, unapeleka shilingi milioni 100 kwa kila parokia, yaani eneo la utawala lenye vijiji kadhaa, na kukopesha kaya milioni moja moja, na sehemu kubwa ya pesa hizo sasa hupitia Wendi, pochi ya simu ya PostBank. Kupitisha pesa kwenye simu ya mlengwa badala ya mikono ya watu sita ni jambo jema, hasa kwa sisi tunaoijua hiyo mikono. Itakayoamua kama milioni hiyo imezaa ni hesabu ya nguruwe walionunuliwa nayo, vyakula vyao na dawa zao, na hiyo haimo kwenye Wendi.

Sasa tuje kwenye EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato, ambao ni wa lazima tangu Januari 2021 kwa waliosajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala, wale wa mtaa wa maduka ya jumla wa Kikuubo wakiwa mbele, walifunga maduka kwa siku kadhaa wakiulalamikia, hadi Rais akakutana nao. Wengine waliueleza mgomo ule kama ugomvi wa watu wasiotaka kulipa kodi. Wapo wa namna hiyo, sitawatetea. Lakini msikilize mwenye duka la jumla akieleza shida yake. Wafanyabiashara kumi wamechangia kontena moja kutoka Guangzhou. Karatasi za forodha zina jina la mmoja, au la wakala aliyewasafirishia. Mfumo unataka bidhaa iingizwe stoo kwanza ndipo iweze kutolewa risiti. Wale tisa waingize kwa karatasi gani? Mfumo ulibuniwa kwa kampuni yenye ankara kamili kuanzia kiwandani, ukashushwa Kikuubo ambako biashara inaenda kwa kuaminiana, kukopeshana na kugawana mzigo.

Tazama pia kile kiwango cha usajili wa VAT kilichokuwa kikibishaniwa: mauzo ya shilingi milioni 150 kwa mwaka. Ukigawa kwa siku 365 unapata kama 411,000 kwa siku. Duka la sukari, mchele na sabuni kwenye mji kama Mbale linafika hapo bila mwenyewe kuwa tajiri, kwa sababu mfuko mmoja wa sukari unapandisha mauzo sana na faida kidogo. Tunarudi palepale: mfumo unaona mauzo, hauoni faida. Na mwenye duka hana karatasi ya kumwonyesha ofisa kwamba kati ya hizo 411,000 kilichobaki kwake ni 20,000 kabla ya kodi ya chumba na tokeni za umeme za Yaka.

Hapa ndipo ninapotofautiana na waliogoma. EFRIS ingeweza kuwa daftari bora kuliko yote ambayo duka dogo limewahi kuwa nalo. Inajua kilichoingia stoo na kilichotoka. Ingemwambia mwenye duka kwamba biskuti zile zimekaa miezi minne, kwamba sabuni ya kipande inatoka mara tatu kuliko ya unga, kwamba msambazaji huyu amempandishia bei kimyakimya. Nchi hii imemjengea mfanyabiashara mashine ya kumhesabia, halafu ikaigeuza imtazame mkaguzi. Aliyeuziwa kitu kwa sura ya polisi hawezi kukipokea kama msaidizi.

Mitandao ya kijamii ina kisa chake, na ni kifupi zaidi. Julai 2018 ilianza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetaka kufungua WhatsApp, Facebook na mingineyo. Mwaka 2021 ikaondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Kabla ya hapo, Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifungwa. Tarehe 13 intaneti yote ikazimwa kwa siku kama tano. Mwaka 2016, siku ya kupiga kura, hata pesa za simu zilizimwa. Baada ya kuzimwa huko kwa 2021 intaneti ilirudi, Facebook ikabaki imefungwa, na tangu hapo anayeitaka hupita kwa VPN, programu ya kukwepa kizuizi.

Fikiria dada aliyekuwa akiuza magauni ya gomesi na vitenge kwa ukurasa wa Facebook wenye wafuasi elfu kadhaa. Alilipia matangazo, akajibu maswali usiku, akajenga jina. Asubuhi moja wateja wake wote wako nyuma ya ukuta ambao yeye hakuujenga na hawezi kuubomoa. Waliokuwa wameandika namba za wateja kwenye daftari, au kuzihifadhi kwenye simu, walihamia WhatsApp wiki hiyohiyo na kuendelea kuuza kwa stetasi. Waliokuwa wakimfahamu mteja kwa picha yake ya wasifu tu walianza upya. Migahawa ya Kampala ilipata funzo linalofanana na hilo Jumia Food, huduma ya kuagiza chakula kwa simu, ilipofunga huduma zake hapa mwishoni mwa 2023. Mgahawa ulikuwa umepika miaka mingi, lakini aliyejua nani anapenda pilau na nani anaagiza kila Ijumaa alikuwa Jumia.

Yapo maeneo ambako mambo yamekwenda vizuri, na nadhani sababu inaonekana. Mwenye duka Arua zamani alipanda basi la usiku, karibu kilomita 500, akashuka Kampala alfajiri na pesa zimefungwa tumboni, akazunguka Kikuubo siku nzima, akarudi usiku wa pili. Duka lilifungwa, au lilibaki na mtoto wa shemeji. Sasa anatumiwa picha na bei kwa WhatsApp, anajibu kwa sauti, analipa kwa simu, mzigo unapakiwa kwenye basi na dereva anapewa namba. Nauli, chakula, siku mbili za kazi na hatari ya kuporwa vimeondoka kwenye gharama. Na ukiangalia ile simu, mazungumzo na yule wa jumla ndiyo kitabu chake cha manunuzi: picha, bei, tarehe na ujumbe wa malipo vimefuatana. Kama anabishana kuhusu katoni iliyopungua, anapandisha juu anaonyesha. Kumbukumbu iko mkononi mwake, kwa lugha yake, na hakuhitaji semina kujifunza kuitumia.

Kwa hiyo ningekuwa na nafasi ya kuomba jambo moja, nisingeomba programu nyingine. Ningeomba kampuni za simu zimtumie kila mwenye namba ya malipo ya dukani ujumbe mmoja kila mwisho wa mwezi, bure, kwa Kiswahili, Luganda au Lugbara kama alivyochagua: umepokea kiasi hiki, umetoa hiki, ada zetu zimekula hiki, kodi imekula hiki, siku yako bora ni hii. Takwimu hizo wanazo tayari, ndizo wanazotumia kumpimia mkopo. Ningeomba pia Mamlaka ya Mapato impe mwenye duka ripoti ya bidhaa zake kwa ukurasa mmoja anaoweza kuusoma bila mhasibu.

Nilipomweleza wazo la ule ujumbe mwenye duka mmoja wa vipodozi mjini Busia, hakufurahi nilivyotarajia. Aliuliza simu yake ikishikwa na mumewe itakuwaje. Mwenzake wa kibanda cha pili akauliza kama kampuni ya simu inaweza kuhesabu hivyo, nini kitaizuia kuwapa watu wa kodi karatasi hiyohiyo. Maswali yote mawili ni ya haki. Wanawake wengi mpakani wameweza kukuza biashara kwa sababu hesabu zao hazikuonekana na shemeji, mume wala mwenye nyumba, na wengine waliona kodi ya chumba ikipanda mara tu ilipojulikana kwamba duka linauza. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inampa mtu haki ya kujua taarifa zake ziko kwa nani na zinatumikaje. Kwa yule mama wa mukene, haki hiyo ingebidi iwe na mahali pa kuidai, namba ya kupiga bure au dirisha la ofisi ya parokia, na ofisa anayeweza kumjibu kabla soko halijafungwa.